Vipimo vya kalibu vinahama baada ya kukatwa kwa waya: tununue mashine mpya?

Binti wa Karakana

Salaam kwenu mafundi. Ninaomba ushauri juu ya jambo la kikazi ambalo limeanza kutugawa nyumbani.

Karakana yetu ni ya familia, na kazi yetu kubwa ni kutengeneza panchi (kipande kinachosukuma) na kalibu (bamba lenye tundu linalokipokea) za kukatia bati jembamba, pamoja na vipuri vidogo vyenye vipimo vya karibu sana. Baba ndiye aliyeianzisha akiwa na mashine ya kerezo na ya kusaga, kaka yangu anaendesha mashine mbili za kukata kwa waya, yaani waya wenye umeme unaokata chuma kwa cheche, nami ninachora, ninaandika programu na kuzungumza na wateja. Mashine zote mbili hutumia waya wa shaba ya manjano wenye kipenyo cha milimita 0.25, na kipande hukatwa kikiwa kimezama majini. Moja ni ya zamani kuliko nyingine, na haiwezi kujipitishia waya yenyewe.

Tatizo letu limejitokeza kwenye kalibu za hatua nyingi, yaani zile ambazo bati husogea kutoka tundu moja hadi jingine mpaka kipuri kikamilike. Bamba la kalibu ni chuma cha zana cha D2, lina urefu wa milimita 300, upana wa 180 na unene wa 25, nasi hulikata likiwa limekwisha kutiwa ugumu wa takribani 61 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Mchoro unaruhusu matundu yapotoke kwa milimita 0.005 tu, lakini tunapokusanya zana tunakuta baadhi yamehama kwa 0.015 hivi. Bati lenyewe lina unene wa nusu milimita na nafasi kati ya panchi na kalibu ni 0.025 kila upande, kwa hiyo mhamo huo unakula zaidi ya nusu ya nafasi upande mmoja. Panchi inaanza kukwaruza kabla hata zana haijapanda kwenye presi.

Mpaka sasa wateja hawajalalamika, kwa sababu Baba hukaa na jiwe lake la mafuta akalainisha tundu na panchi hadi viingiane bila kushikana. Hata hivyo, kazi hiyo inamchukua muda mrefu, na macho yake si ya zamani. Yeye anaamini kwamba mashine kuukuu imechoka, na anataka tuchukue mkopo tununue mpya. Kaka anasisitiza kwamba mashine haina kosa, ila chuma ndicho kinachojikunja. Mimi sitaki kuchagua upande kwa hisia. Je, kuna njia ya kujua nani ana haki kabla hatujatia saini ya mkopo?

Mkata Waya

Dada, kabla ya kufika kwenye mkopo, ningependa kusimama kwenye lile jiwe la Mzee. Kwa jinsi ulivyoeleza, kila kalibu inayotoka na kasoro hurekebishwa kwa mkono kabla ya kupimwa, na hapo ushahidi unasagwa pamoja na kosa. Hakuna anayejua kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, lilielekea wapi, wala kama la safari hii linafanana na la safari iliyopita. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa mikono inayoweza kulainisha panchi kwa jiwe ikaingia sawasawa ni adimu siku hizi, ila mwombeni kwa heshima kwamba jiwe lisiguse bamba kabla matundu yote hayajapimwa na kuandikwa kwenye nakala ya mchoro, kila tundu na mshale wake.

Mishale hiyo itasema mengi. Ikiwa kosa linakua kadiri tundu linavyokuwa mbali na sehemu mliyoanzia vipimo, shuku joto kwanza. Chuma hutanuka kwa takribani sehemu 11.5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo bamba lenu la milimita 300, likipimwa likiwa limezidi joto la maji ya mashine kwa nyuzi 4, litaonekana refu kwa karibu milimita 0.014, yaani kosa lenu lote hilo bila waya kuhusika. Ndiyo sababu vipimo vya viwandani hurejelewa kwenye nyuzi 20. Ikiwa kosa liko upande uleule wa meza hata mkigeuza bamba mbele nyuma, hapo Mzee ana hoja na mashine ichunguzwe. Mishale ikitawanyika huku na huku, tena kila bamba kwa namna yake, basi kaka yako ndiye aliye karibu na ukweli. Na ikiwa tundu limekaa mahali pake lakini limefanya tumbo katikati ya unene, hilo ni suala la mvuto wa waya na msukumo wa maji, tusilichanganye na haya.

Kisha fanyeni jaribio moja kwenye kila mashine. Chukueni bamba la chuma laini ambalo limepashwa moto na kupoa polepole ili kuondoa mikazo yake, yaani nguvu zilizofungwa ndani ya chuma, mkate matundu madogo ya duara katika nafasi zilezile za kalibu yenu, kwa programu ileile na mipito ileile (kila mpito ni mara moja waya kuzunguka tundu). Matundu madogo kwenye bamba tulivu hayaachi nafasi ya chuma kujikunja. Yakikaa mahali pake, mashine imejitetea. Yasipokaa, mna la kumwambia fundi wa matengenezo, tena kwa namba.

Kipo pia kipimo cha papo kwa papo kwenye bamba gumu lenyewe. Fungeni saa ya kupimia (kifaa chenye sindano kinachoonyesha tofauti ndogo za uso) kwenye kichwa cha mashine, muipitishe kwenye ukingo mrefu wa bamba kabla ya kukata, kisha muipitishe tena baada ya mipito ya kwanza ya matundu yote, bila kulegeza vibano. Ukingo uliokuwa umenyooka ukionyesha upinde, bamba limesogea likiwa bado limebanwa, na hapo hakuna mashine duniani, hata iwe mpya namna gani, ambayo ingelizuia.

Fundi wa Tanuri

Nakubaliana na Mkata Waya, ila ninaomba kuuliza: D2 hiyo mnaitia ugumu wenyewe au mnaipeleka nje, na baada ya kuzimishwa, yaani kupozwa haraka kutoka tanurini, hupashwa tena kwa joto gani? Ugumu wa 61 unanifanya nihisi kwamba inapashwa kwa joto la chini. Pia, je, matundu hukatwa yote na waya kutoka kwenye bamba zima, au huwa yametobolewa kwa ukubwa kabla ya bamba kuingia tanurini?

Binti wa Karakana

Ahsanteni sana. Tunaipeleka kwa watu wa tanuri, na karatasi yao inaonyesha kwamba hupashwa tena kwa nyuzi 200. Kabla ya hapo kaka hutoboa tundu dogo tu la kuanzia, la kupitishia waya, katika kila nafasi, kisha waya ndio unaotoa kiini chote. Kuhusu mpangilio, programu yangu hulimaliza tundu moja kabisa, mpito wa kwanza na miwili ya kusafisha, ndipo iende tundu linalofuata. Nilipanga hivyo ili kaka asilazimike kupitisha waya kwa mkono mara nyingi.

Fundi wa Tanuri

Basi nadhani sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Chuma kinapozimishwa baada ya kupashwa hadi nyuzi elfu moja na zaidi, ngozi na kiini chake havipoi wala kubadilika kwa wakati mmoja, na mikazo hubaki imefungwa ndani huku pande zote zikisukumana kwa usawa. Kupashwa tena kwa nyuzi 200 kunapunguza wepesi wa kuvunjika na kunabakiza ugumu mkubwa, lakini hakulegezi mikazo hiyo vya kutosha. Sasa nyinyi mnakuja na waya na kuondoa viini vizima kutoka bamba hilo. Kila kiini kinachotoka kinavunja usawa, na bamba linatafuta umbo jipya la kutulia. Kwa mpangilio wa programu yenu, tundu la kwanza limekwisha kusafishwa hadi kipimo cha mwisho wakati bamba bado lina matundu mengine mengi ya kutolewa, kwa hiyo linabebwa na bamba kadiri linavyosogea. Lilikatwa mahali sahihi, likahamishwa baadaye. Kateni mipito ya kwanza ya matundu yote kwanza, ndipo mrudi kusafisha.

Kwa kalibu zitakazokatwa kwa waya, watengenezaji wa vyuma hivi hupendekeza joto la juu la kupasha tena, nyuzi 500 hadi 540 hivi kwa D2, mara mbili au zaidi, na kila mara chuma kiachwe kipoe kabisa katikati. Ugumu utashuka hadi kati ya 58 na 60, jambo ambalo kwa bati la nusu milimita halitamkosesha mteja usingizi, na mtapata bamba tulivu zaidi. Waelezeni watu wa tanuri mapema kwamba bamba litakatwa kwa waya, kwa sababu wasipoambiwa watalenga ugumu wa juu kabisa, wakidhani wanawapendelea.

Jambo la pili ni kuyatoboa au kuyakata matundu makubwa bamba likiwa bado laini, mkibakiza kama nusu milimita hadi milimita moja kila upande. Bamba likiingia tanurini likiwa na matundu yake, litapoa kwa usawa zaidi, na waya utabaki na kazi ndogo ya kuondoa kile kilichobakizwa badala ya kuangusha viini vizito. Panchi nazo zisikatwe kwa kuingia kutoka ukingoni mwa kipande, kwa maana fremu inayozunguka ikifunguliwa hujitanua au hujibana kama koleo. Anzeni kutoka tundu la ndani ili fremu ibaki imefungwa.

Maji na Mikroni

Nitaongeza machache tu, kwa kuwa hao walionitangulia wamegusa kiini.

Hata kama chuma ndicho chenye kosa, msiisamehe mashine kuukuu bila kuikagua. Kaka atoe vielekezi vya waya vya juu na chini, avisafishe, na avitazame kwa lenzi ya kukuza. Vielekezi vya almasi huishi muda mrefu, lakini uchafu wa shaba ukijikusanya ndani yake waya huegemea upande mmoja. Atazame pia vile vipande vinavyoupa waya umeme. Vikishachimbika mfereji vigeuzwe, kwani huufanya waya utetemeke na kukatika. Aangalie kipoza maji, maana kipoza kilichokufa huacha maji yapande joto mchana kutwa, na usiku yashuke, na kalibu iliyoanzwa asubuhi ikamalizwa usiku inakuwa imekatwa katika majira mawili. Kuhusu resini inayoondoa ioni kwenye maji, waya wa mashine hizi hukata kwa cheche zinazorukia mwanya mwembamba sana, na maji yanayopitisha umeme kupita kiasi hubadilisha mwanya huo na kuleta kutu kwenye chuma kinacholala majini. Wengi wetu hungojea kengele ya mashine ndipo wabadilishe resini. Mimi ningeandika namba ya upitishaji kila asubuhi.

Na mwisho, bamba likitoka majini lisipimwe papo hapo. Liacheni kwenye meza ya kupimia, pamoja na vifaa vya kupimia vyenyewe, hadi vyote viwe na joto moja.

Mhasibu wa Vyuma

Ninyi mafundi mmemjibu dada kana kwamba suala la mashine mpya limekwisha, na mimi sioni hivyo. Tazameni ushauri wenu wenyewe: mnamtaka akate mipito ya kwanza ya matundu yote, kisha arudi kuanzia mwanzo kwa mipito ya kusafisha. Kalibu yenye matundu 20 ilikuwa inahitaji waya upitishwe mara 20. Sasa itahitaji mara 40. Kwenye mashine isiyojipitishia waya, kila mara hiyo ni mtu amesimama, ameinama juu ya tangi, anatafuta tundu la milimita chache. Ndiyo maana programu ilipangwa vile tangu mwanzo. Kwa hiyo Mzee anaweza kuwa amekosea sababu na bado akawa sahihi juu ya mashine, maana mashine inayojipitishia waya ndiyo inayofanya mpangilio sahihi wa kukata uwezekane usiku bila mtu.

Hata hivyo, sitaki mtie saini kwa hoja hiyo peke yake. Hesabuni kwanza saa. Kasi ya kukata kwa waya hupimwa kwa milimita za mraba kwa dakika, yaani urefu wa mstari mara unene. Tundu lenye mzingo wa milimita 120 kwenye bamba la 25 ni milimita za mraba 3,000. Kama mashine yenu hukata 100 kwa dakika katika mpito wa kwanza, hiyo ni nusu saa kabla ya kusafisha. Fanyeni hesabu hiyo kwa kazi zote za miezi michache iliyopita, mkalinganishe na saa ambazo mashine zilikuwa zimewashwa kweli. Karakana nyingi za familia hugundua hapo kwamba mashine haina upungufu wa kasi, ila hulala ikingoja mtu wa kupitisha waya, programu, au chuma.

Kisha kuna jambo ambalo katika familia huwa gumu kulisema. Saa za Mzee pale kwenye jiwe, zimeandikwa popote? Kama hazimo kwenye bei mnayomtajia mteja, faida mnayodhani itawalipia mkopo ni mshahara ambao baba yenu hajawahi kudai. Siku atakapopumzika, faida hiyo inaondoka naye, na rejesho la benki linabaki. Mkadirie kila mtu mshahara ambao mngemlipa mgeni kwa kazi hiyohiyo, Mzee akiwa wa kwanza, ndipo mwone kama karakana inaweza kubeba deni.

Mkata Waya

Mhasibu ameniweka sawa kuhusu kupitisha waya, na hoja yake ni nzito. Ila ninaongeza kwamba ipo njia ya kati kwa mashine kuukuu: wakifuata ushauri wa kuyafungua matundu bamba likiwa laini, waya unapita kwenye tundu pana badala ya tundu dogo la kuanzia, na hata kwa mkono ni kazi nyepesi. Tena hakutakuwa na viini vizito vya kuanguka na kugonga nozeli ya chini.

Msiache mipito ya kusafisha kwa ajili ya kuokoa muda. Cheche moja inafikia joto la maelfu ya nyuzi kwa kipindi kifupi mno, na kila mpito wa kwanza unaacha ngozi nyembamba ya chuma kilichoyeyuka na kuganda upya, ngumu lakini yenye nyufa. Mipito ya kusafisha hutumia cheche dhaifu na huiondoa sehemu kubwa ya ngozi hiyo. Nadhani jiwe la Mzee, bila yeye kukusudia, limekuwa likimalizia kazi hii pia, na mkiliondoa pasipo kuongeza mpito mmoja, huenda midomo ya kalibu ikaanza kumeguka mapema kuliko mlivyozoea.

Binti wa Karakana

Nimewasomea Baba na kaka majibu yote mezani. Nilihofu Baba angekasirika kwa habari ya jiwe, lakini aliuliza tu kwa nini hakuna aliyemletea mchoro wa kuandikia tangu mwanzo. Sasa anapima kila bamba kabla ya kuligusa na kuniachia mishale kwa penseli nyekundu.

Kwenye mashine zote mbili, matundu ya bamba la majaribio yalikaa ndani ya kiwango, isipokuwa kwamba ile kuukuu inavuta kidogo upande wa kushoto, na kaka amekwisha kukuta uchafu katika kielekezi cha chini. Kwenye bamba gumu, saa ya kupimia ilionyesha upinde baada ya mipito ya kwanza, na mishale ya Baba haikuwa na mpangilio wowote. Tumewaandikia watu wa tanuri kuhusu joto la juu la kupasha tena, na kalibu inayofuata itafunguliwa matundu ikiwa laini. Mimi nimeanza kuandika programu upya kwa mpangilio wa mipito ya kwanza yote kwanza.

Suala la mkopo tumeliweka kando mpaka tuwe na hesabu ya saa kama alivyoshauri Mhasibu. Baba bado anaitaka mashine mpya, na sasa ana sababu bora kuliko ile ya awali. Swali langu dogo lililobaki: bamba likifunguliwa matundu likiwa laini, tubakize kiasi kilekile kwa matundu membamba yenye upana wa milimita 2 tu?

Fundi wa Tanuri

Hapana. Kwa tundu la milimita 2 hamtakuwa na nafasi ya kubakiza nusu milimita kila upande na bado mkapata faida ya maana. Hayo yatoboeni tundu la kuanzia tu, na muyakate kwa waya baada ya ugumu. Kiini chake ni kidogo mno kulisumbua bamba. Yanayosogeza bamba ni yale makubwa, hasa yakiwa karibu na ukingo.

Mkata Waya

Na baada ya mipito ya kwanza, legezeni vibano, mbane upya taratibu, mnyooshe bamba kwa saa ya kupimia na kutafuta upya sehemu ya kuanzia vipimo ndipo msafishe. Bila hivyo, mtasafisha matundu kwenye bamba ambalo bado limeshikiliwa kwa nguvu katika umbo lisilo lake.